Bakshishi ya Mkwe

"Leo huinuki," Desanka alimwambia mumewe huku akimkaza tai shingoni. "Unanisikia? Unakaa kitini kama watu wengine. Unakula, unaongea. Sahani ikianguka, ianguke. Mtu akiita, aite."

"Nimekusikia."

"Wewe umenisikia. Miguu yako ndiyo haijasikia."

Sreten aliitazama miguu yake ndani ya viatu vipya vilivyombana vidole. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mhudumu katika mkahawa wa Farasi Wawili, katika mji wa Sombor, na katika miaka hiyo yote hakuwahi hata mara moja kukaa kwenye kiti cha ukumbi ule wakati wateja wamo. Viti vile alivijua kwa migongo yake tu. Alijua kipi kinayumba na kipi kimegongewa misumari mipya, lakini hakujua mtu akikaa anaona nini.

Siku hiyo ya Jumamosi ndiyo angejua. Gvozden, baba yake Ognjen, alikuwa anakuja na mama yake mzazi na kijana mwenyewe kumposa binti yao, Tijana. Desturi ilikuwa nyepesi: watu wanakula, wanakunywa kahawa, kisha baba wa kijana anasimama na kutamka maneno. Asiposimama, hakuna uchumba. Nyumba ya Sreten ilikuwa vyumba viwili katika ghorofa ya tatu, na meza yao ilitosha watu wanne kama wote wanapendana. Mwenye mkahawa aliposikia habari hiyo alisema wakutane pale mkahawani, chakula ni zawadi yake, vinywaji wajilipie wenyewe. Desanka alikubali kwa furaha, halafu usiku akakumbuka alichomwambia Gvozden kwenye simu.

"Nilimwambia wewe ni msimamizi."

"Wa nini?"

"Wa mkahawa. Mwenzako ana maghala ya baridi, ana malori kumi na moja. Nimwambie nini? Kwamba unabeba supu?"

"Nabeba supu vizuri."

"Tena, mhudumu mkuu si msimamizi? Unasimama siku nzima. Basi ni msimamizi."

Sreten hakucheka. Alikuwa mtu wa kusema ukweli, lakini binti alikuwa mmoja tu, na neno lilikwisha kutoka. Akaliacha liende.

Wageni walifika saa sita kamili. Gvozden alikuwa mtu mnene, mjane, mwenye maneno machache. Alipoingia aliangalia dari, madirisha, na jiko la vigae vya kijani kwenye kona, kama mtu anayekisia thamani ya jengo. Mama yake, Bibi Stamena, alikuwa na miaka themanini na minne. Alivaa kitambaa cheusi kichwani na kushikilia mkoba wake mapajani kwa mikono miwili. Ognjen alimbusu Desanka mara tatu mashavuni na kukaa karibu na Tijana, na tangu hapo wawili hao hawakuwa na shida tena na mtu yeyote.

"Karibuni sana, Bwana Msimamizi!" Uroš, mhudumu kijana, alijitokeza na sinia la rakia, pombe kali ya matunda. Alikuwa amefunzwa na Desanka mwenyewe la kusema, na alilipenda jukumu lake kupita kiasi. "Bwana Msimamizi angependa ya aprikoti au ya peasi?"

"Ya aprikoti," Sreten alisema kwa sauti ya chini. "Na usiiname hivyo, utamwaga."

"Ndiyo, Bwana Msimamizi."

"Una wafanyakazi wangapi hapa, mkwe?" Gvozden akauliza.

Sreten aliifikiria ile hesabu na kumwonea Uroš huruma, maana leo alikuwa peke yake. "Leo? Wachache. Mmoja mgongo umemkamata."

"Mgongo," Gvozden alisema. "Kwangu pia. Siku ya kupakia mizigo, wote migongo."

Mambo yangeenda vizuri. Supu ya kuku yenye tambi ilikuja ikiwa moto, Desanka alimsifu Bibi Stamena kwa pini yake ya fedha, na Gvozden alianza kueleza bei ya dizeli. Lakini saa sita na nusu basi lilisimama nje, na kwaya ya wastaafu kutoka Kikinda, watu arobaini na watatu, wakaingia mlangoni wakiwa na njaa. Walikuwa wameagiza meza kwa saa nane. Walikuwa pia wapitie jumba la makumbusho kwanza, lakini mvua ilinyesha, miguu ikawauma, wakapiga kura ndani ya basi na makumbusho yakashindwa.

Uroš alibaki katikati ya ukumbi, sinia mkononi, kama mtu aliyeona mafuriko yakiingia sebuleni.

"...kwa hiyo ukinunua lita elfu kumi kwa mkupuo," Gvozden alikuwa anasema, "unapata nafuu. Unanielewa?"

"Nakuelewa kabisa," Sreten alisema. Hakuelewa hata neno. Alikuwa anasikia meza ya saba hawana vijiko. Alikuwa anasikia kengele ya jikoni ikilia mara mbili, maana yake supu zimepakuliwa na zinapoa. Nyuma yake mzee mmoja alikuwa anagonga glasi kwa kisu, taratibu, kama mdundo wa saa: ting, ting, ting. Uroš alipita na sahani mbili, mbili tu, na kuzipeleka kwenye meza isiyo yake.

Chini ya meza Desanka akaweka mkono wake juu ya goti la mumewe na kulikandamiza.

"Kula mkate," alimnong'oneza.

Akala mkate. Kengele ikalia tena. Kisha kikasikika kishindo cha sahani jikoni, na sauti ya Uroš ikiomba msamaha kwa mtu ambaye hakuwepo.

"Samahanini," Sreten alisema na kusimama. "Naenda kunawa mikono."

"Umenawa," Desanka alisema.

"Nanawa tena."

Dakika mbili baadaye mlango wa jikoni ulifunguliwa kwa teke la kisigino, na Sreten akatoka na sahani tano za supu, tatu zimepangana kwenye mkono wa kushoto hadi kiwikoni, mbili mkono wa kulia. Alikuwa amevua koti na kufunga aproni nyeupe. Hakukimbia. Alipita katikati ya viti kama maji yanavyopita kati ya mawe, akaweka sahani bila mlio, akamtuliza yule mzee wa kisu kwa neno moja, akamwelekeza Uroš kwa nyusi: vijiko, meza ya saba, mkate, kote, halafu bia. Ukumbi mzima ulishusha pumzi. Wanakwaya walianza kula, na kelele ile mbaya ya watu wanaosubiri ikageuka kelele nzuri ya watu wanaotafuna.

Mezani kwao Tijana alikuwa mwekundu hadi masikioni, ingawa haikujulikana kama ni aibu au ni kicheko alichokuwa anakizuia. Ognjen alimtazama baba mkwe wake akipita, akainuka, akachukua vikapu viwili vya mkate kutoka kwenye kabati na kuanza kuvigawa.

"Ognjen!" Gvozden akasema. "Kaa chini."

"Nakuja, baba. Hawa hawana mkate."

"Kaa chini, nimesema."

Ognjen alimaliza meza mbili ndipo akakaa. Gvozden akafuta mdomo kwa kitambaa mara tatu, ingawa haukuwa na kitu. Desanka aliona. Aliona pia kwamba hataji tena dizeli.

Kama Sreten angerudi kukaa wakati ule, labda mambo yangepoa. Lakini nyama ya ndama ya meza yake mwenyewe ilikuwa imewekwa dirishani jikoni, na aproni alikuwa bado amevaa. Akaileta. Alizunguka meza kwa mpangilio wake wa kila siku, akaanza na mkubwa kwa umri. Wakati wa supu alikuwa ameona kwamba Bibi Stamena anatafuna kwa upande mmoja tu, kwa hiyo mpishi alimkatia nyama ndogondogo na kuipanga upya ili ionekane kipande kizima. Aliona pia upepo wa dirishani unamfikia shingoni. Akasogeza pazia, akamwekea mto nyuma ya kiuno, akamgeuzia glasi upande wa mkono ulio imara. Yote haya aliyafanya bila kusema neno, na asingeweza kueleza baadaye kwamba ameyafanya.

Bibi kizee alimtazama. Akafungua mkoba wake, akapekua, na mkono wake mkavu ukaja chini ya ukingo wa meza, ukaingia kwenye kiganja cha Sreten na kuacha humo noti iliyokunjwa mara nne.

Mkono wa Sreten ukajifunga wenyewe. Noti ikapotea katika mfuko wa aproni, kichwa kikainama kidogo, na mdomo wake ukasema, mbele ya mke, binti na wakwe:

"Ahsante sana, bibi. Karibu tena."

Pale Sombor wahudumu wanafuata sheria mbili kuhusu bakshishi, na hakuna aliyewahi kuziandika. Ya kwanza, bakshishi haikataliwi. Ukiikataa unamwambia mtu kwamba mkono wake ni mdogo. Ya pili, bakshishi haipokelewi kwa ndugu, kwa msimamizi wa ndoa wala kwa mkwe. Ukiipokea unamwambia kwamba yeye ni mgeni na wewe ni mtumishi wake. Katika miaka thelathini na moja sheria hizo mbili hazikuwahi kukutana kwenye meza moja.

"Mama," Gvozden alisema taratibu. "Umefanya nini?"

"Nini?" Bibi Stamena alisema na kuchukua uma. "Nyama laini. Kuleni."

Desanka alimkamata mumewe kwenye ujia wa kutundikia makoti, kati ya makoti arobaini na matatu yaliyolowa.

"Karibu tena!" alisema. "Mkweo, Sreten! Karibu tena!"

"Lilinitoka."

"Ungemrudishia."

"Bakshishi hairudishwi mkononi mwa mtu, Desa. Mbele ya mwanawe? Mwanamke wa miaka themanini?"

"Na kwa mkwe haipokelewi!"

"Najua."

"Amekupa ngapi?"

Sreten aliitoa ile noti na kuikunjua. Ilikuwa ya dinari elfu mbili. Wote wawili waliitazama. Kwa pesa ile watu wawili wangekula chakula cha mchana pale ndani na divai yao.

"Elfu mbili," Desanka alisema, na hasira ikamtoka, ikabaki sauti nyembamba. "Hiyo si bakshishi. Hiyo ni sadaka. Wametuona maskini kiasi hicho." Akajifuta jicho kwa kidole. "Kosa langu. Ningesema tu tangu mwanzo wewe ni mhudumu, angekuja anajua, tungekuwa tumemaliza. Sasa mimi mwongo na wewe mtumishi, vyote kwa mlo mmoja."

"Mwongo ni mimi pia. Nilinyamaza."

"Umeona uso wake? Hasimami yule. Atakunywa kahawa na kuangalia saa."

Tijana alipenya kati ya makoti. "Mnafanya nini huku? Mmewaacha peke yao."

"Mwanangu," Sreten alisema, "nimekuaibisha."

"Kwa nini? Kwa kupeleka supu?" Tijana alimfungua baba yake aproni mgongoni. "Unakumbuka uliniambia nini nilipoanza kutoka na wavulana? Uliniambia usiangalie maua wala gari, angalia anavyomwachia mhudumu. Ognjen siku ya kwanza aliiweka bakshishi chini ya kisahani wakati nimegeuka kuvaa koti. Niliona kwenye kioo. Nimemchagua kwa kipimo chako, baba. Sasa njoo ukae."

"Na baba yake?"

"Siolewi na baba yake," alisema, lakini alijua Ognjen hangeweza kufanya harusi ambayo baba yake hakuitamkia neno.

Walirudi. Sreten alivaa koti lake na kukaa. Kiti kilikuwa kile kinachoyumba. Uroš alileta kahawa na keki ya kukunjwa yenye jozi, na safari hii hakumwita mtu yeyote bwana. Gvozden alikoroga kahawa yake kwa muda mrefu bila kutia sukari. Kisha, kama Desanka alivyosema, akaangalia saa.

Sreten akaweka mikono mezani.

"Mkwe," alisema, "mimi si msimamizi. Ni mhudumu. Tangu nina miaka ishirini na minne, humu humu."

"Nimeona," Gvozden alisema.

"Basi nimesema, isije ikawa nimekaa kwako kwa jina lisilo langu."

"Sikukuuliza jina."

Wanakwaya upande wa pili walikuwa wameshiba na mmoja wao akaanza kujaribu sauti. Bibi Stamena, ambaye kwa muda wote huo alikuwa amezamisha kichwa ndani ya mkoba wake, akitoa leso, dawa, picha ya mtakatifu, funguo, na kuvipanga mezani kama duka, akainua uso.

"Wewe, mwanangu," alimwambia Sreten. "Nilikupa noti gani?"

Sreten akakiweka kikombe chini.

"Ya elfu mbili, mama."

"Yesu na Maria! Nilijua. Ile ya mia mbili hii hapa." Akaipunga hewani. "Macho haya! Nilitaka kukupa mia mbili. Ile elfu mbili ni ya dawa zangu za Jumatatu. Nirudishie."

"Mama!" Gvozden aligonga meza kwa kiganja, vikombe vikaruka. "Unatuua leo! Kwanza unampa mkwe bakshishi kama mtumishi, halafu unaidai! Mtu hadai bakshishi! Hata mimi najua!"

"Unanifundisha mimi bakshishi?" Bibi Stamena alisema. "Mimi?"

"Basi, mama. Basi yaishe."

"Hayajaisha. Umewaambia watu mimi nilikuwa nafanya nini?"

Gvozden alitazama keki yake. "Mama alikuwa katika utalii," aliwaeleza Sreten na Desanka.

"Utalii!" Bibi kizee alicheka mpaka kitambaa kikamsogea kichwani. "Nilitandika vitanda kwenye hoteli ya bafu za maji moto kule Vrnjačka Banja, miaka ishirini na tisa. Nilisugua vyoo vya watu wenye baridi yabisi. Mshahara ulikuwa wa kodi na makaa. Viatu vyake huyu vya shule, vitabu vyake, nauli yake ya kwenda Novi Sad kusoma, vyote vilitoka chini ya mito. Dinari tano tano. Nilijua mgeni gani ataacha na gani hataacha, kwa jinsi anavyotundika taulo tu. Na leo mwanangu anasema utalii."

"Unalalamika kwa nini? Uliona watalii," Gvozden alisema, na kwa mara ya kwanza mdomo wake ulipinda upande.

"Kwa hiyo wewe sikiliza." Bibi alimgeukia Sreten na kumgonga kifuani kwa kidole. "Nilijua wewe ni nani. Tulisalimiana mlangoni, mimi ni mzee, sio gogo. Nilikupa kwa sababu katika miaka themanini na minne hakuna aliyewahi kuniwekea mto kabla sijajua kwamba kiuno kinaniuma. Mtu akifanya kazi namna ile mbele yangu, mkono wangu unafunguka wenyewe. Siwezi kuuzuia."

"Wangu pia ulijifunga wenyewe," Sreten alisema.

"Niliona. Vizuri sana. Hata mlio haukutoka."

"Lakini kudai, mama," Gvozden alisema.

"Mhudumu sitamdai hata siku moja. Angerudi mgeni kunidai dinari aliyoiacha chini ya mto, ningemtemea mate. Lakini huyu si wa nje. Huyu wajukuu zake ndio watakuwa wajukuu wako. Hela yangu ikiwa kwa mtu wangu, nisiidai kwa nini? Nione aibu ya nini?"

Desanka alianza kucheka kwanza. Alijaribu kukifunika kicheko kwa kitambaa cha mezani, kikamponyoka, kisha Tijana, kisha Ognjen, aliyeweka kipaji cha uso begani kwa Tijana. Sreten alicheka mwisho, kwa sauti ambayo Uroš, aliyekuwa anakusanya glasi, hakuwahi kuisikia ikitoka kwa mtu yule ndani ya ukumbi ule.

Gvozden hakucheka. Alisukuma kiti nyuma na kusimama. Desanka aliacha kucheka ghafla, akidhani anaondoka. Lakini Gvozden alikuwa anafunga kifungo cha koti, na kifungo kilimsumbua kwa sababu ya tumbo.

"Mimi niliona haya," alisema, akiwa anakiangalia kile kifungo. "Si kwa ajili yako, mkwe. Ulipotoka na zile sahani tano, nilimwona mama akipanda ngazi na mashuka, kule hotelini. Nikafikiri, sasa atasema. Sasa wote watajua. Na mimi na malori yangu." Kifungo kikaingia. "Basi mnajua. Nafuu kwangu. Mkwe Sreten, mama Desanka, sisi tumekuja kwenu kwa jambo jema. Tunamwomba Tijana awe wetu, kwa ajili ya Ognjen wetu. Tutamtunza kama wa kwetu."

Sreten alisimama pia. Miguu yake ilijua la kufanya, lakini mikono haikujua iende wapi bila sahani, mwishowe akaishikanisha mbele.

"Kwangu mimi ni ndiyo," alisema. "Mwulizeni mwenyewe."

"Mimi nilishakubali tangu Machi," Tijana alisema. "Ni nyinyi mlichelewa."

Wakabusiana mara tatu tatu, kila mtu na kila mtu, jambo ambalo watu sita hulimaliza kwa shida. Desanka alilia sasa bila kujificha. Uroš alileta rakia na kuimimina, na alipofika kwa Sreten akamimina hadi ukingoni bila kudondosha hata tone, mkono wa pili mgongoni, kama alivyofundishwa. Sreten aliitazama kazi ile na kuridhika nayo. Upande wa pili kwaya ilikuwa imeshika wimbo, na hakuna aliyehitaji kitu.

Gvozden aliinua glasi. "Kwa afya ya watoto."

"Ngojeni," Bibi Stamena alisema.

Glasi zikasimama hewani. Bibi kizee alikuwa amenyoosha kiganja juu ya meza, wazi, na alikuwa anamtazama Sreten.

"Elfu moja na mia nane. Mia mbili baki nayo, umeifanyia kazi."

Sreten akaweka glasi chini. Akatoa pochi yake, akachagua noti ya elfu, ya mia tano, ya mia mbili na ya mia, akaziweka katika kiganja kile. Bibi Stamena akalamba kidole gumba, akazisogeza karibu na jicho lake zima, akazihesabu moja moja mbele yao wote. Kisha akazigeuza na kuzihesabu mara ya pili.

"Zimetimia," alisema. "Sasa kunyweni."